Walianza na Makaburi

Ndani ya basi la kutoka Muleba, mwaka 1991, mama mmoja, kwenye kiti cha mbele yangu, alimweleza mchuuzi wa samaki aliyeketi naye kuwa anauza nyumba. Wanawe wawili, waliochukuliwa na ugonjwa, wamezikwa pale pale kibanjani, chini ya migomba.

"Niliwaomba majirani wanisaidie kupaka chokaa. Wao wakaanza kupalilia makaburi."

"Wamekuharibia, mama! Ungeacha majani yayafunike, mnunuzi asiyaone."

Nilicheka kimoyomoyo: muuza samaki, ambaye harufu yake imejaa basi zima, anafundisha kuficha!

"Nawashukuru sana, baba. Tangu mazishi sikuwa na nguvu ya kufika pale."

"Na mnunuzi je, hakukimbia?"

Basi lilisimama Kashai. Mama akainuka na kikapu chake.

"Alivua kofia, akaniuliza wanangu wanaitwa nani."