Nguzo wa Kona ya Mafundi Cherehani

Mheshimiwa Meya wa jiji letu. Ndugu Mkurugenzi wa kampuni hii ya matembezi ya baiskeli. Fundi Mkuu pamoja na mafundi wako, ambao leo kwa mara ya kwanza nawaona mikono yao haina grisi. Wazazi, walezi na wageni waalikwa. Wahitimu wetu mnaongojea vyeti. Nanyi mliosimama kule nyuma kwa sababu watu wamezidi viti: hamjambo?

Hamjambo tena? Naam, sasa nimesikia.

Mkurugenzi aliponipigia simu kuniomba nizungumze leo, nilimuuliza, "Ndugu Mkurugenzi, kwa nini mimi? Mimi si mwongoza watalii, sina hisa katika kampuni yenu, wala sijui kuziba pancha." Akanijibu, "Mama, hawa vijana wamefundishwa habari zako mwaka mzima. Wanataka kukuona." Basi nimekuja mnione, na pia nipate nafasi ya kusahihisha yale mliyoyatia chumvi.

Kwa wasionijua, mimi ni muuguzi mstaafu. Nilitumikia wodi ya wazazi katika hospitali kuu tangu nikiwa msichana hadi nywele zilipogeuka rangi. Mwanangu wa pekee yupo hapa, mstari wa pili, yule anayejifanya anasoma ratiba. Mkewe, yaani mkamwana wangu, ndiye mwalimu wenu mkuu, ninyi wahitimu, yule mnayemwita Kengele kwa kuwa husikika kabla hajaonekana.

Sasa mtauliza: ni kitu gani kilichompandisha bibi wa umri huu kwenye baiskeli? Sikuja hapa kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kwa hiyo nitasema mambo yalivyokuwa. Mwanangu ndiye aliyenituma. Alikuwa amechoka kukaa roho mkononi, kila akisikia king'ora mjini anadhani ni mkewe kagongwa na lori. Alimwomba aache kazi, akakataa. Akambembeleza, akakataa kwa upole zaidi. Ndipo akaja kwangu. "Mama," akaniambia, "wewe ukisema atakusikia. Nenda ukaione hiyo kazi yake, halafu umwambie aache." Mkamwana alipopata habari hakununa wala hakuninunia. Alisema, "Sawa. Mama aje. Akishaona, neno lake ndilo la mwisho."

Mnauona mzigo niliotwishwa? Neno langu moja tu, na mtu aache kazi anayoipenda. Na neno lenyewe, nisiwafiche, nilikuwa nimelitayarisha tangu nyumbani. Nilikuwa upande wa mwanangu. Wodi ya majeruhi ilikuwa jirani na wodi yetu, na waendesha baiskeli nimewaona wakiletwa kwa machela zaidi ya nilivyotaka.

Asubuhi niliyotoka naye, pamoja na watalii wake, tulianzia kwenye uwanja wa mahakama ya zamani. Tukapita chini ya daraja la reli, wanakofanyia kazi wachora mabango, tukaingia mtaa wa wachapaji, ambako hewa yenyewe ina harufu ya wino, tukatokea kwenye mnara wa saa. Mkamwana akasimamisha msururu, akawaonyesha wageni kwamba mnara una nyuso nne lakini uso mmoja hauna mishale. Upande ule palikuwa na gereza, akasema, na waliojenga mnara waliona waliomo ndani hawana haraka ya kwenda popote. Wageni wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nimepita chini ya mnara ule tangu utoto wangu na sijawahi kuinua macho. Maisha yangu yote katika jiji hili nilikuwa na njia mbili tu, ya hospitali na ya sokoni. Mji nilikuwa nao, ila sikuwa nimeuona.

Kisha tukapita mbele ya hospitali kuu. Hakusimama. Alipunguza mwendo tu, akanyoosha kidole, akasema, "Nusu ya jiji hili imezaliwa nyuma ya madirisha yale." Hakugeuka kunitazama. Lakini mimi huku nyuma nikajikuta nimenyoosha mgongo kama mtu anayekaguliwa na mganga mkuu.

Hapo nieleze desturi moja ya watu hawa, kwa faida ya wageni. Baiskeli zikiwa nyingi, msururu hukatika. Taa ikigeuka nyekundu, wa mbele wamepita na wa nyuma wamebaki. Kwa hiyo kila penye kona, kiongozi humwacha yule anayemfuata, asimame pale na kunyoosha mkono kuelekea njia iliyofuatwa. Huyo huitwa nguzo. Nguzo haondoki mpaka afike mkia, yaani mwongozaji wa mwisho mwenye fulana ya manjano, ambaye humchukua wakaendelea pamoja. Ni utaratibu mwepesi na hauna kasoro, mradi mkia apite kila kona.

Siku ile mkia alikuwa Breki. Breki, hebu simama watu wakuone. Haya kaa, baba, nilishakusamehe.

Tulipokuwa kwenye ngazi za maktaba kuu, cheni ya mgeni mmoja ilikatika, Breki akabaki naye kuitengeneza. Sisi tukatangulia kuelekea soko la maua. Katikati palikuwa na kona moja tu, kona ya mafundi cherehani, na nyuma ya kiongozi nilikuwa mimi. Mkamwana akaniambia, "Mama, simama hapa. Nyoosha mkono kulia. Usiondoke mpaka akufikie mwenye fulana ya manjano." Nikasimama.

Sasa, Breki ni mzaliwa wa mitaa ile. Anajua kila uchochoro na kila ua wenye mlango wa nyuma. Mgeni wa mji angefuata barabara, akanikuta. Breki, kwa kuwa ni mwenyeji, alikata njia nyuma ya posta na mgeni wake, akatokea soko la maua upande wa pili wakati wenzake ndio kwanza wanashuka kwenye baiskeli. Wakampigia makofi! Na mimi huku nimenyoosha mkono.

Mkamwana akahesabu vichwa. Kimepungua kimoja, na hicho kimoja ni cha mama mkwe wake. Niambieni, akina mama mlio hapa, kuna kichwa kibaya zaidi cha kupoteza? Akageuza baiskeli anifuate, na hapo hapo barabara kuu ikafungwa. Polisi, kamba, ving'ora, msafara unapita. Mheshimiwa Meya, sitasema ulikuwa msafara wa nani. Naona unacheka, basi yaishe.

Akapiga simu yangu. Ikalia ndani ya kikapu chake mwenyewe, maana asubuhi nilimkabidhi mkoba wangu usinisumbue. Akampigia mumewe. Mumewe akamjibu, na neno hili naomba mlisikie vizuri, "Mama atakuwa ameshapanda teksi. Mama hangoji mtu. Katazame nyumbani." Mgeni mmoja akashauri taarifa ipelekwe polisi. Breki, machozi yakimlengalenga, akataka kwenda kunitafuta kituo cha mabasi. Mkamwana akawajibu wote jibu moja: "Nilimwambia asiondoke. Hataondoka."

Alijuaje? Jioni moja tulikuwa tunakunja nguo, mimi na yeye, nikamsimulia habari za kazi yangu. Nilimwambia kwamba wodi haiachwi. Zamu yako ikiisha na anayekupokea hajafika, unabaki; mvua ikifunga barabara, unabaki; huvui aproni mpaka mwenzako asimame mbele yako na kusema kwa kinywa chake, "Nimepokea." Nilidhani nilikuwa naongea tu ili nguo ziishe. Kumbe mwenzangu alikuwa anasikiliza. Mwanangu hadithi hizo amezisikia tangu ananyonya, ila yeye alizisikia kutoka upande wa pili. Wodini mama hakuondoka, maana yake nyumbani mama hakurudi. Simlaumu hata kidogo.

Na mimi pale konani hali yangu ilikuwaje? Mwanzoni nilijiona mtu wa maana. Dereva wa lori la magodoro aliniona nimenyoosha mkono, akakata kulia. Gari la maharusi likafuata lori. Muuza magazeti akaja kunishukuru kwa kuwa wateja walidhani naonyesha kibanda chake. Nikabadilisha mkono, wa kulia ukiwa umekufa ganzi. Manyunyu yakaanza. Fundi cherehani mmoja, mama wa makamo mwenye futi ya kupimia shingoni, akaniletea kigoda. "Mama, unamngoja nani?" Nikasema, "Namngoja mwenye fulana ya manjano." Akanitazama kwa huruma, kama watazamwavyo wagonjwa wa akili, akaniletea na mwavuli.

Kisha hofu ikaja, tena hofu ya kweli. Sikuogopa njia, kwa maana nyumbani najua kufika. Niliogopa kwamba nimeachwa makusudi. Nilijisemea: mkamwana anajua ulichotumwa, anajua neno unalotaka kulisema, basi amekuweka konani kama mzigo na kwenda zake. Nilitaka kuondoka, nawaambieni kweli. Miguu ilitaka, hasira ilitaka. Mkono ndio uliokataa kushuka, maana nilipewa zamu na hakuna aliyekuja kuipokea. Nikakaa kwenye kigoda, nikalia chini ya mwavuli wa watu, mkono bado umenyooka.

Huko ng'ambo ya barabara, haya nimesimuliwa na Breki, mkamwana hakuwakimbia wageni wake. Roho ikiwa juu juu, aliwakusanya, akawaambia kilichotokea, akamkabidhi Breki kengele ya kiongozi na kumweleza vituo vilivyobaki, akamtaka arudie kwa sauti mpaka aliporidhika. Halafu akaenda kwenye kamba. Polisi akamwambia baiskeli hairuhusiwi kuvuka. Akamwuliza, "Na mtu?" Polisi kabla hajajibu akajikuta ameshikishwa baiskeli, na mwenye baiskeli yuko upande wa pili anakimbia.

Nilimwona akija kwa mbali, helmeti mkononi, anapiga chenga mikokoteni. Alipofika alisimama mbele yangu, pumzi hana, wala hakuanza na samahani. Alisema, "Mama, shusha mkono. Nimepokea."

Ndugu zangu, nimepokelewa zamu maishani mwangu mara nyingi, nikiwa mchovu, nikiwa na njaa, nikiwa na homa. Sijawahi kupokelewa nikahisi nilivyohisi siku ile. Mzigo wote ulinitoka, wa mkono na wa moyo. Nilimwambia, "Umechelewa." Kisha tukakumbatiana, tukalia kwa raha, na yule mama fundi cherehani naye akalia pamoja nasi bila kujua kisa.

Wahitimu, nimeambiwa nitoe nasaha, nami sitatoa nyingi. Majengo mmeyasoma, mitaa mnaijua, hadithi za mnara mtazisimulia vizuri kuliko mimi. Lakini kila mtakapomwacha mtu konani, jueni mmemwacha mtu, na yeye anawaamini. Nguzo asirukwe, hata kama njia ya nyuma ya posta ni fupi. Na ninyi wazazi mliokuja na wasiwasi wenu, nawajua, nilikuja nao huo huo. Nendeni nao nyumbani ukiwa umepungua.

Nimalizie neno langu, maana naona mwanangu ameacha kusoma ratiba.

Tuliporudi jioni ile alikuwa mlangoni. Habari zote alikuwa nazo. Akasema, "Umeona sasa, Mama? Wewe mwenyewe umesahauliwa barabarani, tena kwenye mvua. Haya, sema neno lako." Mkamwana alikuwa kando yangu, nguo zimelowa. Hakujitetea. Alikuwa ameahidi kwamba neno langu ni la mwisho, na nilimwona amejiandaa kulipokea.

Nikamwambia mwanangu: "Leo mama yako alipotea, na ninyi wawili mkanitafuta. Wewe ulisema nitafutwe nyumbani, mahali ulipozoea kunikosa. Mwenzio alinitafuta nilipokuwa. Nimemngoja barabarani na akaja, baba. Kazi haachi. Nawe ukimngoja, mngoje kwa amani, kwa maana huyu hurudi."

Aliingia ndani, akatoka na taulo mbili, moja akanipa mimi. Ya pili alimfunika mkewe mabegani, akamshika hivyo hivyo kwa muda, na mimi nikapita ndani nikawaachia mlango.

Mheshimiwa Meya, Ndugu Mkurugenzi, wahitimu na nyote mliohudhuria, nawashukuru kwa masikio na subira yenu. Asanteni sana.