Hewa Isiyo na Harufu

Boti ya asubuhi kutoka Dar ilikuwa inakaribia Malindi, bandari ya Unguja, na mngurumo wa injini ulikuwa umetulaza karibu sote. Ulikuwa mwaka ule wa 2008 umeme ulipokatika Unguja nzima. Mbele yangu Bi Bahiya, mama wa mjini, alikuwa anazungumza na jirani wa safari, Kificho, Mtumbatu mwenye nyumba ya wageni Kendwa.

"Serikali ilazimishe," alisema Bi Bahiya. "Kila nyumba ya wageni, kila skuli, kiwekwe kile chombo kinachopiga kelele hewa ya sumu ikijaa."

"Jenereta langu liko ukumbini, Bi Bahiya, lisije kuibiwa. Moshi ukizidi ntaunusa."

"Sumu yenyewe haina harufu, mwanangu. Mwaka juzi tulilala Tanga, mie na dada yangu Asila, jenereta nyuma ya mlango. Nliota tunaogelea, tungali watoto, maji ya uvuguvugu. Ndoto tamu, sikutaka kuamka. Watu wakaniburura nje."

"Na Bi Asila?"

"Yeye hakuamka."

Kificho alitazama bahari, iliyokuwa shwari kama shuka. Mie usingizi ulishaniruka.

"Lakini chombo hicho kikilia bure usiku," alisema taratibu, "wageni watakimbia."

"Wacha wakimbie. Si watakuwa hai?"

Boti ikagusa gati. Watu wakanyanyuka na mizigo yao, Kificho akabaki kitini, simu sikioni.

"Ulfat, mke wangu, wale wageni wa chumba cha nyuma washaamka? Basi nenda kawagongee. Gonga kwa nguvu."