Mzee Eksirei na Birika Lenye Kiuno

Wasikilizaji wapendwa, kama una sufuria jikoni, punguza moto kwanza, kisha njoo ukae. Leo tunamkumbuka mpiga picha wa mtaani kwetu. Alipiga picha nyeusi na nyeupe tu. Tumemzika Jumamosi. Sisi tulimwita Mzee Eksirei.

Kwa nini Eksirei? Kazi yake ya miaka yote ilikuwa hospitalini, chumba cha giza, akisafisha picha za mifupa. Watoto walimkimbia, eti akikutazama tu ameshaona ulichokula mchana. Naye kwa utundu wake anamkonyeza mmoja: "Wewe! Umeiba sukari." Na kweli, nusu yao walikuwa wameiba.

Kompyuta zilipoingia hospitalini, mzee akastaafu, akaondoka na beseni zake za dawa. Mwaka huohuo mkewe, fundi cherehani, akaanza kupoteza macho. Daktari hakumficha. Mwanga utaondoka wote, pole pole. Na binti yao ndio kwanza alikuwa amejifungua. Mjukuu wa kwanza! Yule mama fundi akamwambia mumewe, "Naomba kitu kimoja tu. Nimwone huyu mtoto uso kabla sijaingia gizani."

Nisikilizeni vizuri hapo. Akimbeba mtoto, anaona ukungu. Akipewa picha ya rangi, ukungu uleule. Lakini siku moja mzee aliinua eksirei ya zamani dirishani, na mama akashtuka. "Huo ni mkono. Naona vidole!" Nyeupe juu ya nyeusi, hiyo aliiona.

Basi mzee akanunua kamera kuukuu, akageuza bafu kuwa chumba cha giza. Familia nzima ikawa inaogea kwa jirani, jamani! Na picha za kwanza za mtoto zikatoka kijivu tupu. Kusafisha picha alijua, kupiga hakujua. Halafu kichanga hakitulii. Kwa hiyo akajifunzia kwenye vitu visivyocheza: birika, kandambili mlangoni, mashati kwenye kamba. Picha anazikuza hadi upana wa trei ya chai, anampelekea mkewe.

Binti yao anakumbuka: "Mama alipoona ile ya birika alicheka mpaka akakohoa. Akasema, 'Kumbe birika letu lina kiuno! Miaka yote nalichemshia maji tu, sijawahi kulitazama.'"

Tangu hapo akawa anaagiza. Leo nipigie ngazi. Leo nipigie mikono ya muuza vitunguu. Mzee anarudi analalamika, "Huyu mama ananituma kama mtoto wa dukani," huku meno yote nje. Lakini macho yanazidi kufifia, na uso wa mtoto bado haujapatikana.

Ulipatikana asubuhi moja. Mtoto kasinzia, mwanga wa dirisha umemwangukia upande mmoja. Mama aliisogeza ile picha mpaka ikagusa pua yake. Kisha akasema, "Masikini! Paji la uso la mama mkwe wangu!" Akalia, akacheka, akaibusu. Narudia, wapendwa: alimwona mjukuu wake.

Mwanga uliisha kabisa baadaye, na ni miaka mingi sasa. Mzee aliendelea kupiga, akimsimulia kila picha. Wiki hii nimekaa na mama sebuleni kwake, picha ukuta mzima. Nikamuuliza, angerudishiwa macho kwa dakika moja, angetazama ipi?

"Picha nilizitazama, mwanangu," akanijibu. "Ningemtazama mpigaji. Yeye alikuwa nyuma ya kamera, na mimi macho yangu machache nikayamalizia kwenye picha zake. Humu ndani hamna yake hata moja. Wananiambia alikuwa na mvi kichwa kizima. Mimi namjua wa kabla ya mvi."

Mama yetu, binti, na wewe mjukuu, poleni sana kutoka kwetu sote hapa studio. Mzee wetu apumzike kwa amani.

Na wewe unayenisikiliza, hapo ulipo kuna mtu anapita pita, anatafuta miwani, anafunga mlango. Mtazame. Mtazame mpaka akuulize, "Kwani kuna nini?"