Viti vya Ngozi

Brigitte alikuwa akishona pindo la gauni la mteja ndani ya basi la Kensington. Mbele yake mke na mume waligombana kwa Kiswahili, kwa sauti ya watu wanaodhani hakuna anayewaelewa.

“Mama yangu hainuki kitandani, Baba Lerato, na wewe unachagua rangi ya viti vya ngozi!”

“Niliishi kwenu Songea nikiwa mkimbizi kutoka nchi hii yetu, Mama Lerato. Ukweni sirudi kwa basi. Tukinunua lile gari kubwa, Desemba tunaingia Songea kwa heshima.”

“Desemba umwoneshe nani? Kaburi?”

“Eish, punguza sauti.”

“Sipunguzi! Mama ananingoja mimi, hangoji gari!”

Basi likasimama. Mume akashuka, akageuka kumpa mkewe mkono ashuke. Mke hakuinuka. Brigitte, aliyeelewa kila neno, akalikunja gauni. Nusu ya pindo iliyobaki ingeweza kungoja kesho; mama wa watu asingeweza.