Kabati Jeusi Lisipigwe Msasa

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na haya ninayoyasema sitayarudia. Karakana ni yenu nyote wawili. Kompresa ya kupulizia rangi na mipira yake achukue kaka mtu, chumba cha mbele achukue dada yake, na msije mkatoleana macho kwa ajili ya makopo ya rangi. Lakini lile kabati jeusi la mama yenu haligawanywi wala haliuzwi, na ndilo lililonifanya niwaite.

Mnajua mama yenu alivyokuwa. Hakujua kusubiri, hata chai aliinywa ikimuunguza ulimi. Kila kazi niliyoimaliza vizuri alikuja kuibandika kiganja kabla haijakauka, eti anaangalia kama imeshika, nami nikaanza upya huku nanung'unika naye akicheka. Kazi mbovu hakuigusa. Nilipopuliza kwa pupa rangi ikatoka vipele kama ganda la chungwa, aliipita tu.

Tulipotoka kumzika nikalipaka kabati lake, nikafunga karakana, ufunguo nikalala nao. Asubuhi nikakuta alama ya kiganja kwenye mlango wa kabati, na kidole cha mwisho kimepinda, kile alichokiunguza kwa pasi. Niliogopa, wanangu, sitawaficha. Nikakipiga msasa, nikapaka tena. Kikarudi. Nikapaka vibaya makusudi, hakikutokea. Hapo nikaelewa, woga ukaniisha, nikapaka vizuri kwa mara ya mwisho, nikamwachia alama yake.

Wewe mwanangu wa kiume ukaona ni kasoro, ukaikwangua mwezi uliopita ili kabati lipate mnunuzi. Sikukugombeza, nililia tu nilipogeukia ukutani. Ndiyo maana leo asubuhi nimewaamuru mlipake upya, nami nikasikiliza kutoka kitandani hapa, maana miguu ilikwisha kunikatalia. Nilisikia mkimwaga maji sakafuni vumbi litulie. Nilisikia ukianza kupuliza nje ya ukingo wa ubao na kuishia nje ya ukingo wa pili, mkono ukitembea bila kusita, kila mstari ukilalia nusu ya ule uliotangulia. Nyembamba, ukangoja, nyembamba tena. Usiwe na haraka ya kuficha ubao, rangi nene hutiririka. Umefanya vizuri. Nimekusikia, na nadhani si mimi peke yangu niliyekusikia.

Nipe maji kidogo, binti yangu. Basi, yanatosha.

Ufunguo uko shingoni mwako tangu mlipotoka karakanani, na hakuna aliyeingia. Nikishafumba macho nendeni mkafungue, utangulie wewe, kaka yako moyo wake mwepesi ingawa anajifanya jabali. Mkikuta kiganja kimoja, mwacheni mama yenu. Mkikuta viwili, msipige mayowe, msiite majirani. Ngojeni rangi ikauke, mpulizie vanishi juu yake, kabati mliweke mnapokaa wote. Siku mkigombana, mmoja wenu aweke kiganja chake pale, atajua afanye nini. Niapieni msasa hautaligusa tena.

Nimesikia. Asanteni.

Nimelala kidogo mchana huu, mlipokuwa jikoni. Nadhani nililala. Kulikuwa na harufu ya thina ya kuchanganyia rangi, na mtu alinishika kifundo cha mkono akanivuta kwa haraka, akicheka... haraka ile ile yake. Sikuwa na nguvu ya kukataa. Wala sikutaka.

Radhi yangu mnayo, nyote wawili, sina kinyongo hata chembe. Mungu awafungulie riziki, awape mikono isiyotetemeka... na watu wa kuwaharibia kazi zenu kwa mapenzi.

Mnatazama nini kwenye blanketi?

Inueni mkono wangu nione. Ugeuzeni.

Rangi nyeusi, kiganja chote. Na bado mbichi.

Weka chini hicho kitambaa, binti yangu. Usinifute. Acha ikauke.