Henutwati, Aliyevuliwa Nyoka wa Kipajini

Marehemu Henutwati alizaliwa Gebtu, mwaka wa nne wa mfalme mzee, babu wa mfalme wetu wa leo, mwezi wa pili wa mafuriko. Baba yake alikuwa Nakhti, msimamizi wa mabata wa hekalu. Mama yake Tjesi. Walijaliwa watoto wawili tu, yeye na kaka yake Iahu, anayesoma haya.

Akiwa na miaka tisa alichukuliwa kulelewa katika nyumba ya wanawake wa mfalme, Mer-wer. Huko alijifunza kufuma kitani, kuimba, na kutikisa kayamba ya shaba mbele ya mungu. Walimu walimsifu kwa sauti, si kwa utii.

Aliolewa hukohuko na mwana wa mfalme mzee, aliyekuwa amerithi kiti. Alipomzaa Meritnub, alivishwa taji la tumbusi, ndege wa akina mama, mabawa yakishuka masikioni na nyoka wa dhahabu akiinua kichwa kwenye kipaji cha uso. Makuhani wakiwa katikati ya dua, ubawa ulimtekenya. "Jamani, kama kuku kanilalia kichwani!" alisema, na mfalme mwenyewe akacheka mpaka akaomba maji.

Alihudumu hekaluni Waset hadi mumewe alipofariki. Sanamu lake lilisimama lango la kusini, na wanawake wenye mimba walikuja kuligusa miguu.

Mfalme mpya, mtoto wa mumewe kwa mke mwingine, alimwoa Meritnub. Mwezi haukuisha, mafundi wakapanda langoni na patasi. Marehemu alikwenda kwa miguu, akamkuta binti yake chini ya kivuli cha pazia, anasimamia kazi.

"Mwanangu, si uchongewe lako?"

"La nini, mama? Kila siku watu wanasema tumefanana. Tunafuta jina tu."

"Na nyoka?"

"Anabaki. Ni wangu sasa."

"Na yale madogo, ya kule nyumbani kwangu?"

"Yale tutayabandua nyoka. Usinune, mama. Mjane anamtisha nani?"

Fundi Huynefer alisita, patasi mkononi. Meritnub akamwambia, "Gonga, baba. Haumwi, ni jiwe." Marehemu alisimama pale mpaka herufi ya mwisho ya jina lake ikadondoka, kisha akarudi nyumbani kwa miguu.

Mwaka uliofuata tumbo lake lilianza kuvimba. Waganga walimpa asali na vitunguu, haikusaidia. Alipojua haponi, alimtuma kaka yake kwa Meritnub kuomba taji la tumbusi, azikwe nalo. Iahu alisubiri uani tangu asubuhi hadi jua lilipopinda, ndipo jibu likaletwa na mjakazi: "Malkia anasema mama asijisumbue, huko aendako hakuna wa kumtazama."

Iahu alitaka kumficha maneno hayo. Marehemu akamkazia macho. "Sema kama alivyosema."

Akasema.

"Ameuliza naumwa wapi?"

"Hapana, dada."

Akageukia ukutani. Alifariki siku ya tano ya mwezi wa kwanza wa mavuno, mwaka wa tatu wa mfalme wetu. Jeneza lake, kama ilivyoagizwa na Malkia, limechorwa kipaji kitupu.

Ameacha kaka mmoja, Iahu, na binti mmoja, Meritnub, Mke Mkuu wa Mfalme, ambaye tunamshukuru kwa kufika, na kwa kulivaa taji la tumbusi.

Henutwati alale kwa utulivu. Mkate na maji visimpungukie.