Manasseh Ogari na Ukoo Usiozeeka

Ijumaa hii, tarehe 30 Julai 1999, Bwana Manasseh Ogari anastaafu baada ya kuitumikia maabara ya hospitali yetu kwa miaka thelathini na mitatu. Aliajiriwa Agosti 1966, kijana wa miaka ishirini na miwili kutoka Nyansiongo, wakati maabara ilipokuwa chumba kimoja chenye darubini moja iliyotegemea jua la dirishani. Siku za mvua, na huku kwetu Kisii mvua haihitaji kualikwa, wagonjwa walisubiri mawingu yapite ndipo wajue kama wana malaria au hawana.

Wengi wetu tumepitia mikononi mwake. Ana sheria zake. Mrija wa damu hauitwi namba. Unaitwa jina la mwenyewe. Chai hainywewi karibu na darubini. Na mlango wa maabara hugongwa kabla ya kuingia, hata asubuhi na mapema kukiwa hakuna mtu ndani. Mwanafunzi mmoja alithubutu kumuuliza anamgongea nani. Alijibu bila kutabasamu, "Wenye damu." Mwanafunzi yule aliomba kuhamishiwa idara ya meno juma hilohilo.

Mwaka 1988 maabara yake ilisifiwa na wakaguzi kwa kusoma makohozi ya kifua kikuu bila kosa hata moja. Mwaka 1991 ndiye aliyepigania mashine ya kusoma rangi ambayo sasa tunapimia sukari na mafuta ya damu. Kamati ilimwambia kwamba watu wa huku hawana ugonjwa wa mafuta, wanakula ugali na mboga. Alirudi na ombi lilelile mara nne, kamati ikachoka.

Yote hayo yako kwenye faili lake. Lakini mimi, niliye mfamasia wa hospitali hii tangu 1993, nimeombwa niandike kuhusu Bwana Manasseh ninayemfahamu, na siwezi kuandika hivyo bila kueleza habari ya watu wa Nyamarambe. Familia yenyewe imeniruhusu.

Ilianza Oktoba 1995, saa nne asubuhi, jua limewaka. Bwana Manasseh alikuwa ameinamia kitabu cha majibu. Aliposikia mtu akiketi kwenye benchi aliinua macho, na kalamu ikamdondoka. Mtu aliyeketi pale alikuwa ni yule aliyemwona miaka kumi na mmoja nyuma akiwa amelala kwenye meza ya mochari.

Mwaka 1984 mhudumu wa mochari aliugua, na Bwana Manasseh akaombwa amsaidie daktari kwa siku moja. Maiti ilikuwa ya mwanamume wa miaka thelathini na tisa aliyeanguka akifunga ng'ombe. Macho yake yalikataa kufumba. Kuzunguka mboni ya kila jicho kulikuwa na duara jeupe la kijivu, jembamba, kamili kama limechorwa kwa bikari. Bwana Manasseh alilitazama duara lile kwa muda mrefu, asijue ni kitu gani, na kwa miaka mingi lilimjia akilini bila sababu.

Sasa macho yaleyale yalikuwa yakimtazama kutoka benchini, na yalikuwa yakipepesa.

"Daktari, mimi nimekuja kupima malaria tu," yule mtu alisema. "Mbona unaniangalia hivyo?"

"Samahani, ndugu. Nilidhani nakufahamu."

"Labda ulijua kaka yangu, Makori. Watu wanasema tunafanana sana. Lakini yeye alikufa themanini na nne." Kisha akaongeza kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, "Kwetu wanaume hatuzeeki."

Aliitwa Omwenga, mwendesha kinu cha kusaga mahindi katika soko la Nyamarambe, umri miaka thelathini na saba. Alikuwa akibanwa kifua kila anapopanda mlima, akadhani ni homa. Bwana Manasseh alimwomba avue viatu. Nyuma ya visigino, juu ya kano, palikuwa na uvimbe mgumu wa rangi ya manjano, na mwingine mdogo kwenye vifundo vya vidole vya mikono.

"Hayo ni mayai," Omwenga alisema, akiificha mikono yake. "Kaka zangu walikuwa nayo. Baba pia. Watu wanasema mchawi hutaga ndani ya mwili, na yakiiva, mtu anaanguka."

Fomu iliomba kipimo cha malaria peke yake. Bwana Manasseh alipima malaria, hakuiona, kisha kwa hiari yake akapima na mafuta ya damu. Amenieleza mara kadhaa jinsi alivyotarajia kuona kitu cha kutisha ndani ya mrija ule, na jinsi majimaji ya damu yalivyotoka safi, maangavu, kama ya mtu yeyote. Ndipo akasoma mashine. Kolesteroli ilikuwa kumi na mbili nukta nne. Mtu wa kawaida hatutaki ipite tano. Akasafisha mashine na kurudia. Akajitoa damu yake mwenyewe na kuipima. Ikaja nne nukta sita. Akarudia ya Omwenga mara ya tatu, na namba ikawa ileile.

Alikuja mbio hadi chumba cha Daktari Abigael, mkuu wetu wa matibabu, jambo ambalo halikuwahi kuonekana, kwa maana Bwana Manasseh hakimbii hata mvua ikimkuta uwanjani. Daktari alisikiliza, akamwita Omwenga, akamulika macho yake, akashika visigino vyake. Akatueleza kwamba yako magonjwa ya kolesteroli mbaya yanayopitishwa katika damu ya ukoo. Ini hushindwa kuyaondoa mafuta hayo, yakajikusanya chini ya ngozi, kwenye kano, pembeni mwa mboni, na mahali pasipoonekana: ndani ya mishipa ya moyo. Mtu huzaliwa nayo. Akifika miaka arobaini mishipa imeziba, na moyo husimama.

Kulikuwa na jambo jingine, na Omwenga alilisema akiwa ameinamisha kichwa. Nyumbani walikuwa na jina la mchawi tayari. Ni Nyamoita, mjane wa Makori. Tangu aolewe mwaka 1970 alikuwa amezika mume, kisha mwaka 1990 akamzika shemeji, mwalimu aliyeanguka mbele ya darasa akiandika ubaoni, mstari wa chaki ukateremka hadi sakafuni. Ndiye aliyewaosha wote wawili. Baada ya mazishi ya mwalimu, jiko lake lilichomwa moto. Wanaosoma haya wanakumbuka miaka ile, na wanajua kwamba kwa mwanamke aliyeitwa omorogi, yaani mchawi, jiko lilikuwa onyo tu kabla ya kuchomwa yeye mwenyewe.

"Na baba yenu alikufa lini?" Bwana Manasseh aliuliza.

"Sitini na tano. Lakini huyo aliuawa na jiwe kule Tabaka, machimboni."

Jumamosi iliyofuata Bwana Manasseh alikwenda Tabaka kwa fedha zake. Alizunguka machimbo yote hadi akampata mchongaji mmoja mzee, mikono myeupe kwa vumbi la mawe, aliyefanya kazi na Mzee Onchiri, baba yao Omwenga. Mchongaji alikumbuka. Mzee Onchiri alikuwa na jiwe begani. Alisimama, akashika kifua, akatazama kando kana kwamba ameitwa na mtu.

"Alianguka kwanza," mchongaji alisema. "Jiwe lilimfuata. Sisi tukasema jiwe limeua, kwa sababu jiwe tuliliona."

Dawa ilikuwapo duniani, ila haikuwapo Kisii. Daktari Abigael alikuwa amesoma habari za utafiti mkubwa wa nchi za kaskazini ya Ulaya uliotolewa mwaka mmoja tu nyuma, ulioonyesha kwamba vidonge vya kushusha kolesteroli mbaya hupunguza mishtuko ya moyo na vifo. Tulimwendea baba yangu, Subhash, mwenye duka la dawa mjini. Baba hakuwahi kuviuza. Alipiga simu Nairobi siku tatu mfululizo, akavipata, na alipoviweka mezani alimwambia Omwenga maneno ambayo mimi mwanawe sikutarajia kutoka kwa mfanyabiashara: "Bwana, hii si dawa ya kumaliza chupa uende zako. Hii utameza kila jioni mpaka uwe babu. Ukikosa njia ya kununua, njoo, tutaongea. Usiache tu."

Baada ya miezi mitatu kolesteroli ya Omwenga ilishuka hadi saba nukta tisa. Alikuwa ameacha samli na nyama ya mafuta, anameza kidonge kila jioni, na mlima wa kwenda kwake aliupanda akipumzika mara moja badala ya nne. Bwana Manasseh alimpima ini na mafuta bila kukosa tarehe. Kisha akaanza kuwafuata wengine. Nyamoita mwenyewe hakuwa na tatizo lolote. Binti yake Phanice alikuwa nalo, akaanza kutibiwa. Akabaki Duncan, kaka yake Omwenga, aliyefuga ng'ombe wa maziwa huko Nyansiongo.

Duncan alikubali kutolewa damu, kwa adabu, kwa kuwa Bwana Manasseh ni mtu wa kwao. Ikaja kumi na moja nukta nane. Alikubali pia kupokea vidonge. Lakini kila Bwana Manasseh alipopita kumjulia hali alimkuta na jibu lilelile la kukwepa, hadi siku moja alipomwambia ukweli wakiwa kwenye zizi.

"Mzee, mimi sijisikii mgonjwa. Nikimeza hiyo kitu nitakuwa nimekubali kwamba nakufa."

"Ukimeza utakuwa umekataa," Bwana Manasseh alimjibu.

Duncan alicheka, akamfungia maziwa aende nayo.

Asubuhi moja ya Februari 1997, kweupe, majirani wakiwa wamepanga foleni na makopo yao ya maziwa, Duncan aliweka kopo lake chini, akageuka kama mtu anayeitikia jina lake, na akaanguka. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja.

Tulikwenda mazishini na gari la hospitali. Sijasahau uwanja ule. Watu walikuwa mamia, wamesongamana bega kwa bega, lakini mahali alipoketi Nyamoita palikuwa na duara tupu la nyasi. Hakuna aliyekanyaga ndani yake, hata watoto. Ndiye aliyekuwa ameuosha mwili tena, kwa sababu hakuna mwingine aliyethubutu. Hakulia. Alitazama mbele tu. Karibu na ua mwanamume mmoja alisimama na dumu la mafuta ya taa, hakulificha, na hakuna aliyemuuliza ni la nini. Hapakuwa na kelele wala matusi.

Wimbo ulipokwisha Omwenga aliingia nyumbani kwa marehemu, akatoka ameshika chupa mbili. Akazitikisa mbele ya watu. Zilisikika zimejaa.

"Hizi ni dawa za ndugu yangu," alisema. "Mke wake amezitoa kwenye kabati. Hazijafunguliwa. Mimi nilipewa kama hizi, nikameza, na mimi nimesimama hapa. Kama mnataka kujua nani amemuua Duncan, tazameni hiki kifuniko. Huyu mama hajafanya kitu."

Sauti moja ikatoka nyuma: "Na wengine je? Makori? Mwalimu?"

Hapo Bwana Manasseh alisonga mbele, akapita kwenye ile nyasi tupu kwa viatu vyake vya kazini, akasimama kando ya Nyamoita. Kwa wasiomjua, yeye ni mtu asiyesema mbele ya watu. Sala ya asubuhi hospitalini humtoa jasho.

"Mzee Onchiri alikufa sitini na tano," alisema. "Huyu mama aliolewa sabini. Nimekwenda Tabaka, nimeongea na mtu aliyemwona. Si jiwe lililomwua. Alishika kifua. Sasa niambieni, mzee alirogwa na nani?"

Ndipo dada yake Mzee Onchiri, mwanamke wa zaidi ya miaka themanini, akainua fimbo yake kutoka kwenye kiti alichokalia.

"Ni kweli," alisema kwa Ekegusii, taratibu. "Hata baba yetu sisi alianguka hivyo, akipalilia wimbi. Na baba yake. Tulikatazwa kusema."

Waliozikwa walikuwa wengi kuliko tulivyohesabu, na wote walikuwa wameanguka vilevile. Nilipogeuka kumtafuta mtu wa mafuta ya taa, hakuwapo. Dumu lilikuwa limebaki peke yake karibu na ua. Mke wa Duncan alilichukua, akaliingiza ndani. Wanawake wawili wakaja wakaketi karibu na Nyamoita, kisha watatu zaidi.

Tangu siku ile Bwana Manasseh amepima watu hamsini na wawili wa ukoo ule, kuanzia Nyamarambe hadi Borabu. Kumi na tisa wanameza dawa. Omwenga ametimiza arobaini na mmoja mwaka huu. Hatusemi amepona, maana ugonjwa huu hauponi, na Daktari Abigael hutukataza kuahidi. Tunasema yuko hai, na kinu chake kinasaga.

Bwana Manasseh naye amepata sifa asiyoitaka. Sokoni baadhi ya watu humwamkia wakiwa wametazama chini, kwa kuwa inasemekana anaona kifo ndani ya jicho. Askari wetu wa lango alinunua miwani ya jua. Ukweli ni kwamba Bwana Manasseh huwatazama watu machoni kwa sababu anatafuta wale ambao bado wanaweza kusaidiwa.

Mwezi uliopita Nyamoita alikuja hospitalini kumletea ndizi za kumuaga. Nilikuwapo. Walizungumza habari za watoto, kisha mama yule akauliza jambo ambalo nadhani alilibeba kwa muda mrefu.

"Makori wangu, angeweza kupona?"

"Hapana, mama. Wakati ule dawa hii haikuwapo."

"Na mwalimu?"

"Yeye, labda. Dawa ilikuwa imeanza kupatikana, lakini mbali sana na hapa."

"Na Duncan?"

Bwana Manasseh angeweza kumpa jibu la kumpoza, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Duncan, ndiyo," alisema. "Ningekwenda mara moja zaidi."

Nyamoita alimshika mkono, wakakaa hivyo mpaka mgonjwa aliyefuata akaingia na fomu yake.

Bwana Manasseh, hospitali nzima inakushukuru: kwa darubini ya jua, kwa makohozi yaliyosomwa bila kosa, kwa kurudi mara nne mbele ya kamati, na kwa kutosadiki kwamba mtu hufa kwa sababu ndiyo ada ya kwao. Umetufundisha kutazama. Nenda Nyansiongo kwa amani, kwa mke wako na majani yako ya chai. Tunakuombea afya, miaka mingi ya kupumzika, na wageni wa kutosha, na sisi tukiwa wa kwanza kubisha hodi.

Reena, mfamasia, kwa niaba ya wafanyakazi wote